Mdomo wa Kuazima

Swali langu ni moja, na nimelibeba muda mrefu kuliko mimba zangu mbili ukizijumlisha. Maumivu yangu yakisemwa na mtu mwingine, yakasikilizwa na yuleyule aliyeniumiza, yanabaki kuwa ya nani? Wenzangu wakinisikia nikiuliza hivyo hucheka, husema Mwanamvua ameanza tena. Nimeanza kweli. Wapi nitamalizia sijui, maana mahali tulipo mwanzo na mwisho huamuliwa na karani.

Mahali penyewe hapana jina. Tunapaita Kiwandani, kana kwamba duniani hakuna kingine, na huenda hakuna. Ukienda kushoto unafika kwenye uwanja wa kuanikia singa za mkonge. Ukienda kulia unafika kwenye uwanja huohuo. Jua halizami mpaka king'ora kilie. Singa zinatufikia nyeupe, kavu, zimejaa mafundo, na kazi yetu sisi wanawake arobaini ni kuzipitisha kwenye mashine ya brashi, kisha kuzichana kwa chanuo la chuma mpaka ziteleze mkononi. Mzigo ukionekana na fundo hata moja unarudishwa kutoka ghorofani kwa wakubwa. Kwa hiyo tumezoea. Hata nywele za watoto wetu tunazichana kwa ukali huohuo. Tukiona fundo popote, vidole vinatuwasha.

Mimi mkono wa kushoto vinaniwasha vitatu tu. Viwili vilichukuliwa na mashine namba nne. Mashine hiyo ilikuwa na bati mbele ya meno yake, la kuzuia mkono usivutwe ndani. Bwana Ngwali, msimamizi wetu, aliona bati linachelewesha kazi, akaamuru liondolewe. Aliamuru asubuhi, na tuliomsikia tulikuwa wawili, mimi na shoga yangu Kazija. Mchana mashine ikala vidole vyangu. Jioni, kwenye daftari la matukio, kwa ule mwandiko wake mzuri anaousifia mwenyewe, Bwana Ngwali akaandika: Mwanamvua, uzembe.

Sikutaka pole. Pole nilipewa nyingi mpaka nikachoka kuitikia. Nilitaka neno uzembe lifutwe, na bati lirudi mahali pake kabla hajawekwa mwanamke mwingine mbele ya yale meno. Basi. Mtu anayetaka kujua kwa nini nimekuwa hivi nilivyo, na ajue kwamba sikuomba kikubwa.

Sasa nieleze mila yetu ya kuazima mdomo. Hii hatukuletewa na wakubwa, na hilo ndilo linaloniuma. Tuliitunga wenyewe. Zamani, au kesho, sina hakika, mwanamke mmoja alisimama mbele ya Baraza la Malalamiko akasema shida yake kwa jina lake. Siku ya pili hakuna aliyemkumbuka. Sahani yake ilikuwepo, kaniki yake ilikuwepo, yeye hayupo, na ukijaribu kumtaja ulimi unakataa. Tukaogopa. Tukakubaliana kwamba tangu hapo mwenye lalamiko hatasema mwenyewe. Ataazima mdomo wa mwenzake. Siku ya Baraza tutajifunika kaniki gubigubi sote arobaini, tutakaa mkekani, na mwenye mdomo atasimama na kusema "mimi" kwa niaba ya mtu asiyejulikana. Baraza halitajua nani ameumia, litajua tu kwamba yupo aliyeumia. Na ili mwenye mdomo asisahau, atapewa uzi mmoja wa singa, na kila jambo ambalo ni lazima lisemwe litafungiwa fundo. Atapapasa fundo, atasema. Atapapasa lingine, atasema. Ilikuwa akili nzuri. Mpaka leo nasema ilikuwa akili nzuri.

Lakini sisi ni watu wa chanuo. Jioni ya kuandaa lalamiko tulikuwa tukikaa duara, na bila ya mtu yeyote kutuamuru tukaanza kulichana. Huyu anasema, hapo pana hasira, toa. Yule anasema, hapo pana machozi, wataona tunadeka, toa. Mwingine anasema tarehe itawaudhi. Mwisho anatokea mmoja, kwa sauti ya upole kabisa, anasema jina la nini, jina toa. Kila mmoja anatoa kidogo kwa nia njema, na asubuhi lalamiko linapanda ghorofani limelainika, halina pa kulishikia. Wakubwa walikuwa wakitusifu. Walisema hawajapata kuona wafanyakazi wenye adabu kama sisi. Na mimi nilichana malalamiko mengi ya wenzangu kabla ya langu. Nalisema hili mapema, mtu asije akanidhania malaika.

Langu sikukubali lichanwe. Nilimwendea Kazija peke yake. Kazija tumekula naye sinia moja tangu siku ya kwanza, na siku ile ya mashine ndiye aliyevua kanga yake akanifunga mkono, akanishikilia kichwa nisione kilichobaki kwenye meno. Nilimwomba aniazime mdomo, akakubali kabla sijamaliza kuomba. Tukakaa nyuma ya marobota, tukafunga mafundo matatu. La kwanza, jina la Bwana Ngwali, kwamba yeye ndiye aliyeamuru. La pili, bati. La tatu, neno uzembe. Mimi nilikuwa nashika ncha, yeye anakaza, kwa sababu mkono wangu ulikuwa bado haujapona.

"Shoga, haya hayatafunguka," akaniambia. Akauvuta uzi kwa meno kuhakikisha. Nikamwamini, kwa nini nisimwamini?

Baraza hukaa Alhamisi. Mlangoni mwa ghorofa pana ubao wa siku, na karani ndiye mwenye kuugeuza. Nilikwenda, ubao ukasema Jumatano. Nikalala, nikaamka, nikaenda, Jumatano. Karani akaniambia kwa heshima kwamba nivute subira, Alhamisi iko njiani. Jumatano ile ilipita misimu miwili ya mvua. Nilipigwa danadana mpaka kidonda kikafunga, mpaka watoto wangu wakanipita kwa urefu, mpaka nikaanza kusahau sura ya vidole vyangu vilivyokuwa. Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Jumatano. Nilipokuwa nimebakiwa na hasira kidogo tu, ya kujaza kiganja, karani akageuza ubao.

Tulipanda sote arobaini, tumejifunika. Ukumbi wa Baraza una meza ndefu na viti vitatu. Nilipotazama mara ya kwanza waliokaa walikuwa watu watatu mbalimbali, mmoja mnene, mmoja mzee, mmoja mwenye miwani. Nilipotazama mara ya pili, wote watatu walikuwa Bwana Ngwali. Nikapangusa macho kwa kaniki. Mmoja wao akanywa maji, na koo za wote watatu zikapanda na kushuka.

Kazija akasimama na uzi mkononi. Nilikuwa mbali kidogo, safu ya nne, lakini macho yangu yamezoea singa. Mtu hawezi kunificha fundo. Uzi ulikuwa umenyooka. Ulikuwa laini kutoka ncha hadi ncha, umechanwa, umechanwa vizuri sana, kazi ya mtu anayejua kazi. Moyo ukanipasuka pale, kabla hajafungua kinywa.

"Mimi," akasema Kazija, "mkono wangu ulipata msukosuko kidogo kazini. Ni ajali za kawaida. Simlaumu mtu. Naomba tu tukumbushane sote kuwa waangalifu."

Alipotamka msukosuko kidogo, mkono wangu wa kushoto ukapata baridi ndani ya kaniki. Nikaupapasa. Vidole vilikuwa vimerudi. Viwili, kamili, na kucha zake. Nilivikunja, havikukunjika. Vilikuwa vyangu kwa sura tu. Bwana Ngwali wa katikati akasema, ili haki itendeke, wanawake wote watoe mikono nje ya kaniki wainue juu, Baraza lione nani ana msukosuko. Tukainua mikono themanini. Karani akapita akihesabu kwa kalamu, akarudi mezani.

"Vidole mia nne," akasema. "Hakuna pungufu."

Wenzangu waliokuwa jirani waliuona mkono wangu, na unajua walifanya nini? Walishusha pumzi. Walewale waliosafisha damu sakafuni. Walivitazama vidole vile vya baridi wakafurahi, kwa sababu sasa mambo yamekwisha na tunaweza kurudi kazini. Nilitaka kupiga kelele, lakini mila haimruhusu asiyejulikana kupiga kelele. Bwana Ngwali akaamuru iandikwe kwamba lalamiko limesikilizwa kwa haki na mlalamikaji ameridhika. Karani akaandika. Nimeridhika. Hiyo imo katika vitabu vyao mpaka leo, na ukienda watakuonyesha.

Nilipovuka kizingiti kutoka nje, vidole vikatoweka.

Nifikirie nini? Nilikaa uwanjani kati ya singa zilizoanikwa nikafikiri. Bwana Ngwali alinikata vidole, lakini hakunisaliti. Bwana Ngwali hakuwahi kuniahidi kitu. Adui yako akikuumiza unajua mahali pa kuweka chuki yako. Shoga yako akikuuza, unaiweka wapi? Kila mahali unapotaka kuiweka unakuta amekwisha kukaa yeye, anacheka, anakuchotea mchuzi, anakufunga kanga mkononi. Niliumia. Niliumia kuliko siku ya mashine, na siku ya mashine niliumia sana.

Kazija alinikuta hapohapo. Akaninyooshea mkono, kama tulivyozoea kupeana mkono kazi ikiisha. Nikaushika, na kiganja changu kikahisi wingi usio wa kawaida. Nikahesabu. Vilikuwa saba. Vitano vyake, na viwili ninavyovijua, kimoja kina kovu dogo la kisu nililojikata nikimenya muhogo kabla sijaolewa.

"Nilikulinda," akaniambia. "Ningetaja jina lile ungepotea kama yule wa zamani. Wewe una watoto, shoga."

Nikamwuliza ni nani aliyemwambia angetaja jina ningepotea. Akauvuta mkono wake. Nikamwuliza alichana yale mafundo lini. Akasema siku ya kwanza ya Jumatano, Bwana Ngwali alipomwita ghorofani akampa chai. Kwa hiyo misimu miwili yote ya mvua, nilipokuwa nikienda mlangoni na kurudi, nilipokuwa nikimwuliza shoga, uzi upo? naye akiniambia upo, upo salama, uzi ulikuwa umelala mfukoni mwake tayari laini. Alisema uongo ule kwa upole, kila siku, huku akinipaka mafuta kwenye kidonda. Na siku iliyofuata Baraza, Kazija akawa nyapara wetu. Aliniomba nisimkasirikie, alisema akiwa juu atatusaidia zaidi. Huenda aliamini. Watu wakipewa chai huamini mambo mengi.

Mashine namba nne alipangiwa Chiku. Chiku alikuwa mgeni kwetu, mke wa mtu, mpole, mwenye tabia ya kuimba akifanya kazi. Nilimwambia ajihadhari. Hilo tu, ajihadhari. Yaani na mimi nilimkumbusha kuwa mwangalifu, maneno yaleyale ya ghorofani yalinitoka mdomoni, na nilipoyasikia nikaona haya. Siku moja wimbo ukakatika katikati. Kilikuwa kidole gumba, mkono wa kulia. Jioni kwenye daftari kukaandikwa: Chiku, uzembe. Mwandiko ulikuwa wa Kazija.

Chiku alinijia mkono ukiwa umefungwa vitambaa. Hakulia. Alisema, "Dada Mwanamvua, nimekuja kuazima mdomo."

Wenzetu wakaja na desturi yao, wakakaa duara, tayari kusaidia. Wakaanza, hapo pana hasira. Niliwaambia kama kuna mtu atagusa uzi huu, atanijua mimi ni nani leo. Niliukalia. Kisha nikampa Chiku, nikamwambia afunge mwenyewe kila anachotaka kisemwe. Alifunga kwa vidole tisa, akatumia meno, akachukua muda mrefu, na mafundo yake yalikuwa mabaya, makubwa, ya ovyo. Sijawahi kuona kazi mbaya namna ile Kiwandani. Nikauweka kifuani.

Jumatano yake nayo tuliingoja. Sitaki kuisimulia. Ubao ulipogeuzwa tukapanda, arobaini, tumejifunika. Mezani safari hii walikuwa Bwana Ngwali wawili na Kazija mmoja.

Nikasimama. Nikavua kaniki kichwani, waone uso. Nikashika fundo la kwanza.

"Mimi," nikasema, na mara ile neno likaniponyoka likawa kubwa kuliko mimi. Nilihisi gumba langu la kulia linachomoka, ingawa lilikuwepo. Sikujua tena kama nasema ya Chiku au yangu, na sikusimama kuchagua. "Mimi niliwekwa mashine namba nne ikiwa haina bati. Bati liliondolewa na Bwana Ngwali. Aliamuru mbele ya watu wawili. Mmoja ni Mwanamvua aliyesimama hapa, na mwingine amekaa hapo mezani kwenu. Sikuwa mzembe. Na Bwana Ngwali hawezi kunisikiliza, kwa sababu ndiye ninayemlalamikia. Ainuke atoke, aje asimame huku, naye tumsikilize."

Bwana Ngwali hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Mama, hapa hatutaji majina. Huo ni utaratibu wenu wenyewe."

"Ni wetu," nikamwambia. "Tulikosea."

Akamwamuru karani aandike kwamba lalamiko limekataliwa kwa kukiuka utaratibu. Karani akaichukua kalamu, kalamu ikaanguka. Akainama kuiokota, ikaanguka tena. Akautazama mkono wake kwa muda. Bwana Ngwali akanyoosha mkono aandike mwenyewe, na kalamu ikamteleza. Gumba halikuwepo. Hapakuwa na damu wala kidonda, palikuwa tambarare, kama kwa mtu ambaye hakuzaliwa nalo. Wote waliokuwa mezani waliinua mikono yao wakaitazama, na mmoja wao, sijui ni Ngwali yupi, akauliza kwa sauti ndogo ya mtu anayetaka mama yake, kama itauma.

"Itauma," Chiku akajibu kutoka mkekani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwenye lalamiko kusikika katika ukumbi ule, na hakupotea.

Bati lilirudishwa siku ileile. Wanawake walilibeba wenyewe, wanne kwa wanne, wakalikaza. Neno uzembe bado halijafutwa, mara mbili limeandikwa na mara mbili lipo, kwa sababu ghorofani hakuna mwenye gumba la kushikia kifutio, na sisi daftari hatujapewa. Tutapewa. Karani alijaribu kuugeuza ubao urudi Jumatano akashindwa kuushika. Kwa hiyo tangu siku hiyo ni Alhamisi. Mtu yeyote akipanda ngazi anakuta ni Alhamisi, na wanaanza kupanda wasio na kaniki.

Sasa niseme kilichonileta kwenye simulizi hii. Leo, nikiwa uwanjani naanua singa, Kazija amekuja. Hana unyapara tena. Alisimama mbali, akakaribia, akasimama tena, mkono ameuficha ndani ya kanga, ile kanga. Akautoa. Vidole vyangu viwili havikuwepo, vimekwenda vilikokwenda, na gumba lake nalo halipo. Vimebaki vinne.

"Wamenichukulia," akasema. "Mwanamvua, nimekuja kuazima mdomo."

Jibu lilikuwepo tayari. Nilikuwa nimelisikia misimu miwili ya mvua, na sasa limenikaa ulimini, tamu: leo ni Jumatano, shoga, vuta subira. Nilikuwa na haki ya kulisema, na hakuna mwanamke Kiwandani ambaye angenilaumu. Nimemchukia Kazija kwa moyo wangu wote, na bado namchukia ninaposema haya. Lakini nilimtazama nikaona kwamba nikilisema, patakuwa na karani mwingine mlangoni, naye atakuwa mimi.

Nikamsogezea robota akae. Nikachomoa uzi mmoja kwenye singa mbichi, ambazo hazijapita brashi, nikamwekea mapajani.

"Funga la kwanza," nikamwambia. "Jina la aliyevichukua."

Alijua ni jina lake mwenyewe. Niliona alivyolijua, uso wake ukamshuka. Akaushika uzi kwa ule mkono usio na gumba, akaukunja, ukafunguka. Akaukunja tena, ukafunguka tena. Nilikaa mbele yake. Sikumsaidia, na sikuondoka.